Joto la Februari kwenye shule, zahanati na ofisi zetu: tupeane uzoefu

Mwalimu wa Mukuru
Wadau, hamjambo. Nafundisha darasa la tatu katika shule ya mabati huku Mukuru. Kuanzia mwisho wa Januari hadi masika yaanze, ikifika saa saba mchana darasa langu halikaliki. Watu husema Nairobi ni mji wa baridi kwa kuwa tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kivulini ni kweli. Lakini Machi jua linatupiga utosini, na bati likishashika moto, joto lote linawashukia watoto vichwani.

Mwaka jana mtoto mmoja alianza kujibu maswali ovyo, macho yamelegea, ngozi inachoma. Nilidhani ni malaria. Tulimpeleka chini ya mti, tukamvua sweta, tukammwagia maji na kumpepea kwa madaftari mpaka gari likapatikana. Daktari alisema kule kumpoza kabla ya safari ndiko kulikomsaidia, maana joto likishamvuruga mtu akili, dakika zinahesabika. Alipona. Sweta ile bado inaniuma, kwa sababu sare kamili ilikuwa kanuni na msimamizi wake nilikuwa mimi.

Nyinyi mlio kwenye majengo ya umma, mmefanya nini yakakalika? Semeni mliyoyaona wenyewe.

Muuguzi Eastlands
Pole sana mwalimu, na asante kwa kulisema. Kwetu shida ilikuwa ukumbi wa kungojea, kina mama na watoto wachanga wamebanana kwenye mabenchi. Baada ya wizi fulani, madirisha yalichomelewa yasifunguke kabisa. Tukanunua feni mbili, zikawa zinazungusha joto lile lile. Na feni ina mpaka wake: Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba hewa ikipita nyuzi 40, feni humwongezea mtu joto mwilini.

Kilichonifungua macho ni stoo ya dawa. Dawa nyingi zimeandikwa zisiwekwe penye joto la zaidi ya nyuzi 30, kwa hiyo tuna kipimajoto ukutani na tunaandika kila siku. Siku moja nikakibeba hadi ukumbini. Kilisoma 34. Dawa tulikuwa tunazilinda, wagonjwa hatuwalindi! Nilipeleka daftari lenye vipimo vya wiki mbili kwa wakubwa, na hapo ndipo pesa ya fundi ilipotoka. Alikata matundu juu ya ukuta, pande mbili zinazotazamana, akaweka nondo na wavu wa mbu. Joto hupanda, likapata pa kutokea. Wajawazito na wazee sasa tunawaona asubuhi, kabla jua halijakaza.

Msimamizi wa Jengo, Upper Hill
Sisi ni vioo kuanzia chini hadi juu, na upande mrefu unatazama magharibi. Stima ikipotea saa tisa, viyoyozi vinazimika na madirisha hayafunguki. Tulimtoa mama mmoja kwa kiti, amezimia. Dada yangu anatunza wazee Ufaransa. Anasema baada ya joto la 2003 kuua maelfu ya watu, wengi wao wazee, nyumba za wazee huko zilitakiwa ziwe na angalau chumba kimoja cha baridi. Nimeiga hilo. Chumba kimoja cha chini upande wa mashariki kina pazia nene, maji, na feni ya betri.

Fundi Paa
Mwalimu, anza na paa. Bati lenye kutu linameza jua, bati jeupe linalirudisha. Kanisa moja Kayole tulipaka rangi nyeupe ya mabati, kisha tukapiga dari na kuacha nafasi ya hewa kati yake na bati, yenye matundu pande zote mbili. Wazee wa kanisa walirudisha ibada ya mchana waliyokuwa wameifuta.

Na msidhani haya ni ya maskini tu. Jengo la Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Gigiri mwaka 2011 linapoza ofisi zake bila viyoyozi. Hewa huingia madirishani, hupanda kwenye uwazi wa katikati na kutokea juu.

Mwalimu wa Mukuru
Fundi, chokaa haiwezi kutosha? Bodi ya shule haina pesa. Pia tunakinga maji ya paa hilo kwenye tangi.

Fundi Paa
Chokaa itaoshwa na masika yote, mwalimu. Afadhali rangi, hata kama ni darasa moja moja, na muanze na lile la watoto wadogo. Muulize muuza rangi ile isiyoharibu maji ya kunywa. Ikishakauka, chomoa mfereji wa tangi, mvua mbili za kwanza zimwagike nje, ndipo uurudishe.

Mwalimu wa Mukuru
Asante. Kikao cha wazazi ni Ijumaa. Naazima kipimajoto kesho, niende na daftari langu kama muuguzi.