Matokeo yakishuka, kumhamisha mwalimu mkuu kunasaidia nini?

Wadau wa elimu wa hapa Moshi, naomba tuliongee hili bila jazba. Shuleni kwa binti yangu tuna mwalimu mkuu wa tatu ndani ya miaka minne. Matokeo ya darasa la saba yakishuka tu, wazazi tunapiga kelele: ahamishwe! Mimi mwenyewe nimewahi kusimama kikaoni nikasema hivyo. Siku hizi sisemi tena.

Kilichonibadili ni kaunta buku moja. Yule mkuu wa kwanza aliandika humo kila mtoto wa darasa la tatu asiyejua kusoma, mwalimu anayekaa naye mchana, na siku aliyosoma ukurasa mzima bila kusaidiwa. Nilikuwapo kwenye makabidhiano, kama mjumbe wa kamati. Yalihesabiwa madawati, funguo, muhuri, vitabu vya risiti. Kaunta buku hakuna aliyeliulizia, likabaki juu ya kabati. Mkuu wa pili akaanza kwa kupaka rangi ukuta wa mbele na kuandika kaulimbiu mpya. Rangi nzuri, sikatai.

Mwaka 2008 Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake walichambua tafiti 27 wakaona kwamba mkuu anayewainua zaidi wanafunzi ni yule anayeketi na walimu wake, wakajifunza pamoja namna ya kufundisha. Kazi hiyo haiishi kwa muhula mmoja. Mwanasaikolojia Kurt Lewin naye, mwaka 1947, alifananisha mabadiliko na barafu: unaiyeyusha, unaipa umbo jipya, unaigandisha. Sisi kila Januari tunayeyusha. Kugandisha hatujafika.

Na mzigo wenyewe! Elimu bila ada 2016, madarasa yakafurika. Mtaala mpya Januari 2024. Halafu mtu apimwe kwa mtihani mmoja?

Mzazi wa Pasua: Ndugu, wewe hujakutana na mwalimu mkuu aliyekaa miaka kumi. Kwetu shamba la shule lilikuwa lake, ndizi zinaishia soko la Mbuyuni, na nusu ya kamati ni shemeji zake. Aliyemhamisha alituokoa.

Mwalimu wa Kiborloni: Aliwaokoa ninyi, akatuletea sisi. Mtu wa hivyo huvuliwa madaraka, hahamishwi na cheo chake. Ila niwaambie la staff, mnaolisahau: tukishajua wakuu hawakai, mkuu akija na mpango mpya tunaitikia "ndiyo mwalimu", tunasaini mahudhurio ya semina, tunasubiri barua yake ya uhamisho. Hatugomi. Tunasubiri tu.

Mleta mada: Mzazi, kwa ndizi umenishika. Mla mali ya shule avuliwe hata kesho. Nasemea yule mwenye mpango unaoonekana: apewe walau miaka minne, na akiondoka, makabidhiano yawataje watoto kabla ya madawati. Mwalimu, hilo la kusubiri barua sikulijua, na limeniuma kuliko ndizi.

Lile kaunta buku juzi nililishusha, nikalifuta vumbi, nikampa mkuu huyu wa tatu. Akalisoma kimya karibu robo saa. Kisha akauliza, "Hawa wako darasa la ngapi sasa?"

La tano.