Hadubini inasema nanomita (nm) 70, mtawanyo wa mwanga unasema nm 120: niamini ipi?

Mpimapicha: Wakuu, naombeni msaada. Nina chembe nano za polima zilizobeba dawa ya saratani. Nimezipiga picha kwa hadubini ya elektroni, nikapima chembe 212 kwa ImageJ, programu ya kupimia picha: wastani wa kipenyo nm 70. Sampuli hiyohiyo kwa mtawanyo wa mwanga, yaani kukadiria ukubwa kwa mwanga unaotawanywa na chembe zikiwa majini, imetoa nm 120. Wiki ya tatu hii sijaandika hata mstari wa matokeo. Chembe hizi zinatakiwa zipenye kuta za mishipa ya uvimbe, na hapo ukubwa una uzito wake.

Tabaka: Zote mbili ni za kweli. Hadubini imepima chembe kavu, ndani ya ombwe, na polima ikikauka hunywea. Mwanga umezipima zikiwa majini, pamoja na tabaka la maji zinalotembea nalo. Tena mwanga huwapendelea wakubwa: chembe ya nm 40 hutawanya mwanga takriban mara 64 ya ile ya nm 20. Mabonge machache tu yanavuta wastani juu. Ripoti zote, useme kila moja imepimwaje.

Bi Mizani: Mwanangu, anza na picha yenyewe. Ikuze mpaka uone pikseli, kisha tazama pale chembe zinapogusana. Mimi programu iliwahi kunihesabia mbili kama moja, umbo kama ganda la karanga. Nilipowasha kitenganishi chake cha chembe zinazogusana, ikaanza kukata chembe nzima katikati! Picha 40 nilizirudia kwa mkono. Ukipata hadubini ya kugandisha, ile inayopiga picha sampuli ikiwa imegandishwa badala ya kukaushwa, usiiache. Liposomu (vifuko vidogo vya mafuta) za Doxil, dawa ya saratani, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 1995, zikigandishwa na maji yake huonekana kama punje za kahawa, maana dawa iliyomo, doksorubisini, imejenga fuwele ndefu ndani. Ukizikausha, umbo hilo unaweza kulipoteza.

Mpimapicha: Shikamoo Bi Mizani, na asante. Nimekuta jozi 31, kila jozi imehesabiwa kama chembe moja. Nimezitenganisha, wastani umeshuka hadi nm 66. Pengo limezidi kupanuka!

Bi Mizani: Marahaba. Liache lipanuke, sasa namba yako ni safi. Hatua inayofuata ni kuziloweka kwenye utegili wa damu, yaani majimaji ya damu bila seli zake, na kupima upya, kwa sababu protini huzivaa chembe mara zinapoingia mwilini, na ini na wengu huzidaka nyingi. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2016, uliokusanya tafiti za miaka 10, ulikuta thamani ya kati ya dozi inayofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 tu.

Mpimapicha: 0.7? Basi kesho asubuhi naanza na utegili.