Karafuu, mchaichai au waridi la dumu: mafuta yapi ya kunukia yanafaa sabuni ya mise?

Mama Mise (Mwanga, Kigoma)
Habari zenu, ndugu zangu. Ninatengeneza sabuni ya mche kwa mise, yaani mafuta ya kokwa za mchikichi, na mawese, na wateja wameanza kuulizia sabuni yenye harufu ya mmea halisi badala ya pafyumu ya dukani. Nimeletewa sampuli tatu. Ya kwanza ni mafuta ya karafuu kutoka Pemba, yaliyotolewa kwenye makonyo (vikonyo vinavyoshika maua ya karafuu), katika chupa ya kioo cha kahawia. Ya pili ni mchaichai, ambao chupa yake ina jina la kisayansi, Cymbopogon citratus, pamoja na nambari ya toleo (ya mkupuo mmoja wa uzalishaji) na tarehe, ila bei yake inauma. Ya tatu imeandikwa kuwa ni mafuta asilia ya waridi. Imo kwenye dumu la plastiki la lita tano, ni rahisi kuliko zote, na muuzaji anaisifu kuwa ni ya "daraja la tiba". Naombeni mnilinganishie kabla sijatoa fedha.

Mfamasia wa Ujiji
Dada, hilo dumu liweke kando kwanza. Kilo moja ya mafuta halisi ya waridi huhitaji takriban kilo 3,000 hadi 5,000 za petali, kwa hiyo hayawezi kuuzwa kwa dumu, tena kwa bei ya chini kuliko mchaichai. "Daraja la tiba" nalo ni maneno ya kibiashara tu, kwani hakuna chombo huru cha viwango kinachotoa daraja hilo. Isitoshe, mafuta ya aina hii hula baadhi ya plastiki, na ndiyo maana muuzaji makini huyatia kwenye kioo cheusi au cha kahawia, au kwenye kopo la alumini. Kutumia pafyumu si kosa, mradi uiandike pafyumu. Kosa ni kumuuzia mtu pafyumu kwa jina la ua.

Kuhusu karafuu, nimefurahi kuona chupa inataja makonyo. Mafuta ya maua, ya majani na ya makonyo hutofautiana kwa harufu na kwa bei, ingawa yote hutawaliwa na yujenoli, kiambato kinachoipa karafuu harufu yake, na shirika la viwango la kimataifa, ISO, limeyawekea kila moja kiwango chake. Ya maua yana harufu laini zaidi, lakini kwa sabuni ya kunawia sioni sababu ya kulipia maua iwapo makonyo yanatosha.

Fundi wa Nta (Tabora)
Mimi huchanganya nta ya nyuki na mafuta ya mkaratusi kutengeneza mafuta ya kuchua, na kila chupa mpya huipima kwanza kwa karatasi. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, uiache hadi kesho yake: mafuta tete yaliyo safi huruka, ilhali yaliyochanganywa na alizeti huacha doa linalong'aa kama karatasi ya maandazi. Karafuu ina kipimo kingine, kwa sababu ni nzito kuliko maji. Tone lake likielea kwenye glasi, lina walakini.

Mfamasia wa Ujiji
Vipimo hivyo ni vizuri, kaka, lakini vinakamata wizi wa kizembe tu. Sitrali, kiambato kinachoupa mchaichai harufu yake, ikitengenezwa kiwandani na kuongezwa kwenye mafuta hayo, karatasi haitaiona, na pua huenda isiione pia. Kinachosaidia ni ripoti ya kromatografia ya gesi, kipimo cha maabara kinachotenganisha viambato vya mafuta, yenye nambari ya toleo ileile iliyo kwenye chupa. Ripoti ya toleo jingine haithibitishi chochote kuhusu chupa uliyoishika. Kwenye mkaratusi wako, tazama kiasi cha sineoli, kiambato chake kikuu, ambacho kwa ule wa dawa hutakiwa kisipungue asilimia 70, na tafadhali usiruhusu upakwe usoni au puani mwa mtoto mchanga.

Mpika Sabuni (Kibirizi)
Niongeze upande wa sufuria, maana mafuta bora yanaweza kukuharibia sabuni. Karafuu huharakisha mchanganyiko wa kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) na mafuta, kiasi kwamba uji uliokuwa mwepesi hugeuka kuwa mzito kama ugali kabla hujaumimina kwenye kalibu, na miche hupata rangi ya kahawia. Itie mwishoni kabisa, kidogo, kalibu zikiwa tayari. Mchaichai hauna vurugu hizo, na harufu yake hudumu hata sabuni ikikaa wiki kadhaa kukauka, tofauti na mafuta ya maganda ya machungwa, ambayo hupotea mapema. Hata hivyo, mafuta ya karafuu na ya mchaichai huweza kuwasha ngozi yakizidi. Kwa mafuta ya kupaka yanayobaki mwilini, karafuu isipite nusu asilimia.

Mama Mise (Mwanga, Kigoma)
Nashukuruni sana. Dumu nimelirudisha. Nitachukua mchaichai kwa sabuni ya kuogea baada ya muuzaji kunitumia ripoti ya toleo hilo, na karafuu ya makonyo nitaijaribu kwenye mche mmoja kwanza. Kama kuna mwenzangu wa Kigoma au Kasulu anayetaka mchaichai huohuo, tuagize pamoja, kwani kusafirisha chupa moja moja kutoka Dar es Salaam kunazidisha gharama.