Kuandika riwaya ukiwa na mtoto mchanga Dodoma: alfajiri, dada wa kazi, au bibi?

Mama wa Ilazo (mwanzisha mada)

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba mnisaidie kupima njia tatu, kwa kuwa mimi na mume wangu tumezijadili wiki nzima bila kufikia uamuzi, na Novemba imeshafika katikati.

Tuna binti wa miezi mitano. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 ilipokwisha mwezi Septemba sikurejea ofisini, kwa sababu katika majuma hayohayo mchapishaji aliupokea mswada wangu wa kwanza wa riwaya, kwa sharti kwamba niiandike upya sehemu ya pili, yenye kurasa 130 hivi, na kuirejesha kabla ya mwisho wa Februari. Pamoja na mswada huo ninaandika makala moja ya gazeti kila wiki, na makala hizo ndizo zinazoniletea fedha kwa sasa. Mume wangu anafanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Huondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi jua limeshazama. Kama zilivyo familia nyingi zilizoletwa Dodoma na uhamisho wa serikali, hatuna shangazi, mama mdogo wala binamu katika mji huu wa kumwachia mtoto hata kwa nusu saa.

Njia ya kwanza ndiyo ninayoifuata sasa. Ninaamka saa kumi alfajiri, nyumba ikiwa kimya, na kuandika riwaya mpaka binti anapoamka. Makala ninaiandika mchana, anapolala. Alfajiri ikiwa njema hunipa ukurasa mmoja na nusu, na kwa wiki ninapata alfajiri njema tatu au nne. Njia hii haina gharama ya fedha na ninaipenda, lakini ikifika saa tisa mchana ninakuwa sina nguvu kabisa, na mara mbili nimejikuta nimesinzia kwenye kiti mtoto akiwa kifuani, jambo lililonitia hofu kubwa.

Njia ya pili ni kuajiri dada wa kazi. Dada mtu mzima, aliyewahi kulea mtoto mchanga, anataka mshahara unaozidi malipo ya makala zangu nne za mwezi. Ninajiuliza kama ni haki kwa nyumba yetu kumlipa mtu ili mimi nifanye kazi inayoingiza pungufu ya mshahara wake.

Njia ya tatu ni mama yangu mzazi, anayeishi Morogoro. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwezi Julai 2024, safari hiyo haimchoshi tena, naye amesema yuko tayari kuja kukaa nasi miezi miwili. Ana duka la vitambaa, na sijui kama nina haki ya kumtaka alifunge.

Vituo vya kulelea watoto mchana nimeviacha nje ya ulinganisho, kwani viwili nilivyotembelea vinapokea watoto kuanzia miaka miwili.

Mama Pacha, Nkuhungu

Pole na hongera, mdogo wangu. Mimi ni mfasiri wa nyaraka, na nilipojifungua pacha sheria ilinipa siku 100 za likizo, ambazo ziliisha kabla sijajua siku imekwendaje. Nilichagua alfajiri kama wewe na nikaishikilia miezi sita. Sikuugua, ila kazi yangu iliharibika: nilimpelekea mteja tafsiri iliyorukwa ukurasa mzima, na mteja huyo hakurudi. Kwa hiyo naona njia yako ya kwanza ina gharama ya fedha, isipokuwa huilipi siku ileile.

Kuhusu mshahara wa dada, ruhusu nikupinge kwa upendo. Unaupima mshahara huo dhidi ya makala zako peke yake, kana kwamba mtoto ni wako peke yako. Mume wako anakwenda Mtumba kila asubuhi kwa sababu kuna mtu anayebaki na mtoto, na mtu huyo ni wewe, bila mshahara. Dada akija atakuwa amewapunguzia kazi wazazi wote wawili, basi mshahara wake utoke katika mapato ya nyumba nzima. Sisi tulipokaa na kuugawa hivyo, hesabu ilibadilika na hata hatia niliyokuwa nayo ilipungua.

Mkiamua kuajiri, fanyeni kwa utaratibu. Usikubali kuletewa msichana mdogo kwa sababu ni wa bei nafuu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kwa maoni yangu hata wa miaka 16 hafai kukabidhiwa mtoto mchanga kutwa nzima, kwani naye bado anahitaji kulelewa. Andikeni mkataba wenye mshahara, siku ya mapumziko na saa za kulala. Wiki mbili za mwanzo usiandike chochote kigumu. Kaa naye, mfahamiane, mtoto amzoee.

Jambo moja zaidi. Binti yako bado yuko katika miezi sita ya maziwa ya mama pekee, kwa hiyo dada atahitaji maziwa uliyokamua. Maziwa hayo hukaa salama kwa muda wa saa nne katika chumba kisichozidi nyuzijoto 25, na kwa siku nne kwenye jokofu. Mwezi huu mchana wa Dodoma unapita nyuzijoto 30, kwa hiyo usithubutu kuyaacha mezani ukitegemea zile saa nne. Yakishakamuliwa yaende kwenye jokofu moja kwa moja, na umeme ukikatika kwa muda mrefu rudi umnyonyeshe mwenyewe.

Baba wa Chang'ombe

Dada yangu, nimeisoma mada yako mara mbili nikitafuta njia ambayo shemeji yetu yumo ndani yake, na sikuiona. Umetaja saa anayoondoka na saa anayorudi, basi. Siandiki haya kumlaumu, maana hata mimi nilikuwa hivyo kwa mtoto wetu wa kwanza.

Sheria inampa baba angalau siku tatu za likizo yenye malipo mtoto anapozaliwa. Nilizitumia kuhangaika hospitali, kununua dawa na kupokea wageni, kisha nikarudi kazini nikiamini nimemaliza sehemu yangu. Mke wangu wakati huo alikuwa anaandika tasnifu yake UDOM. Alipokaribia kuiacha ndipo tulipokubaliana kwamba Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, mtoto ni wangu. Mwanzoni nilikaa naye sebuleni, na haikusaidia, kwa sababu kila alipolia mama yake alitoka chumbani. Mama akisikia kilio cha mwanawe hawezi kuendelea na sentensi, hata kama baba amemshika vizuri. Nikaanza kutoka naye nje ya nyumba. Tulikwenda Nyerere Square chini ya miti, tukakaa kwa rafiki yangu Makole, tukarudi kwa ajili ya kunyonya na kutoka tena. Nilijifunza kumbembeleza, kumbadilisha nepi na kumlaza bila kumpigia simu mama yake, na saa hizo ndizo zilizoimaliza tasnifu ile.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kati ya dada na bibi, mwombe mumeo Jumamosi nzima na usiku mmoja wa katikati ya wiki ambao yeye ndiye atakayeamka. Hizo ni saa ambazo hazimdai mtu mwingine yeyote.

Bibi wa Bahi

Mbukwa, wanangu. Nimesomewa haya na mjukuu wangu, nami ninamtuma aandike.

Nilikwenda kumsaidia binti yangu Area C akiwa amejifungua. Nilikwenda kwa moyo mweupe, lakini hakuna aliyeniambia nitakaa mpaka lini, na mvua za Desemba zilinikuta mjini huku shamba langu la uwele likiwa halijapandwa. Sikusema kitu, nikakaa nalo moyoni, na mwaka ule tukanunua chakula. Mwanangu wa Ilazo, mama yako ana duka kama mimi nilivyokuwa na shamba. Mwambie tarehe ya kuja na tarehe ya kurudi, na mtafute pamoja mtu wa kukaa dukani, mkimlipa nyinyi. Akikwambia kwamba hakuna neno, usimwamini haraka, maana sisi wazazi husema hivyo.

La pili ninalisema kwa uwazi. Sisi tuliwapa watoto maji na uji mapema, tukiona joto linawatesa. Binti yangu alinikatalia kwa ukali na niliumia, mpaka alipokwenda nami kliniki na nesi akanieleza kwamba maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata wakati wa joto, na kwamba kitu kingine chochote kingoje miezi sita. Mpeleke mama yako kliniki wiki ya kwanza, asikie kwa nesi kabla hamjakwaruzana.

Mhariri wa Kizota

Naongeza kwa upande wa kazi yenyewe, kwa sababu nimehariri miswada ya waandishi kadhaa wenye watoto wadogo. Tuanze na hesabu yako. Alfajiri tatu au nne kwa ukurasa mmoja na nusu ni kurasa tano hivi kwa wiki. Kutoka leo hadi mwisho wa Februari kuna takriban wiki 15, yaani kurasa 75, nawe unatakiwa kuwa na 130. Alfajiri peke yake haitakufikisha, hata ukijinyima usingizi wote.

Kisha tazama unaziweka kazi zipi katika saa zipi. Makala ya gazeti ni kazi inayovumilia kukatizwa: unaandika aya, unanyonyesha, unarudi, na hoja bado ipo. Kuandika upya nusu ya riwaya hakuvumilii, kwa sababu inabidi uwashike wahusika wote kichwani, ukumbuke nani anajua nini katika sura ya kumi na moja, na ukikatizwa unatumia nusu saa kurudi pale ulipokuwa. Wewe unaipa riwaya zile saa mbili ambazo mtoto anaweza kuzikata wakati wowote. Ningekushauri ugeuze: alfajiri mbili tu kwa wiki ziwe za makala, na riwaya ipewe vipindi vya mchana vya saa tatu mfululizo ambavyo mtu mwingine anamshika mtoto. Vinne kwa wiki vinatosha. Kila kipindi kikiisha, andika mistari miwili ya kinachofuata, ili kesho usianze kwa kutafuta.

Mwandikie mchapishaji mapema pia. Barua ya Desemba inayosema umefika wapi na unaomba wiki tatu za ziada hupokelewa vizuri, kwani ratiba bado inaweza kusogezwa. Ukimya wa Februari ndio unaoharibu uhusiano. Na kwa kuwa huna tena mwajiri, jiwekee mwenyewe kile ambacho sheria humpa mama aliyeajiriwa, yaani hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Zihesabu kama sehemu ya siku yako ya kazi, usizione kama wizi wa muda.

Mama wa Ilazo (mwanzisha mada)

Shikamoo, bibi wa Bahi, na nawashukuru nyote. Nimemsomea mume wangu majibu haya jana usiku. Alikaa kimya kwa muda aliposikia ya baba wa Chang'ombe, kisha akasema Jumamosi hii anaanza, na usiku wa Jumatano pia ni wake.

Mama nimempigia simu asubuhi. Nilipomuuliza kuhusu duka alijibu kwamba hakuna neno, nami nikakumbuka onyo, nikauliza mara ya pili, ndipo akasema Desemba ndio mwezi wake wa mauzo. Tumekubaliana aje sasa kwa wiki mbili tu, arudi dukani kabla ya msimu wa sikukuu, na aje tena Januari kwa wiki tatu. Mdogo wangu wa Morogoro atashika duka kwa wiki hizo, nasi tutamlipa. Dada tutamwajiri kuanzia siku ya tano ya mama kuwepo, ili ajifunze kwake, na mshahara tumeuandika kwenye bajeti ya nyumba pamoja na kodi na umeme.

Hesabu ya kurasa 75 iliniuma, maana nilikuwa nayo kichwani na sikutaka kuiandika. Barua ya mchapishaji nitaituma wiki ya kwanza ya Desemba, nikiwa na sura mbili za kumwonyesha. Mama Pacha, tafadhali nitumie faraghani mfano wa mkataba mlioutumia na dada yenu, hasa kipengele cha saa za kulala, kwani mama anafika Jumanne na ningependa tuusome pamoja.