Warushaji wa kasi chipukizi: mbona migongo inaisha mapema?

Swali: Wakuu, mbona vijana wa kriketi siku hizi wanaumia sana mgongo?

Jibu 1: Mzigo. Kijana yuleyule anachezea shule, klabu na akademi, hakuna anayejumlisha ova zake (ova moja ni mipira sita). Mfupa haujakomaa, pingili ya chini ya mgongo (L4 au L5) inapata ufa, kwa kawaida upande ulio kinyume na mkono wa kurushia. Pat Cummins, mrushaji wa kasi wa Australia, alicheza Test (mechi ya kimataifa ya siku tano) yake ya kwanza 2011 akiwa na miaka 18. Ya pili, 2017, kwa sababu ya majeraha, mgongo ukiwemo!

Jibu 2: Mtindo nao. Nyonga zikitazama mbele huku mabega yamegeuka pembeni, kiuno kinasokotwa kila mpira. Na mipira ya mazoezi ya nyavuni ihesabiwe pia.

Jibu 3: Akisikia maumivu akijipinda nyuma akiwa amesimama kwa mguu mmoja, aache kurusha, apigwe MRI. Eksirei mara nyingi haioni ufa mchanga.