Eti "chemsha tu mchicha, hivyo vyuma vitakufa"!!!

Wakuu naandika nikiwa nimesimama kwenye matuta, mikono inatetemeka. Yule jamaa wa kirikuu anayezunguka mabonde yote ya Ilemela akiuza tope kavu la majitaka kama mbolea, hata nisipomtaja mnamjua, leo kanidhalilisha mbele ya wateja wangu.

Nimemuuliza swali moja tu, hili tope limepimwa risasi na kadimiamu, yale madini mazito yenye sumu? Akacheka mpaka kofia ikaruka nusura ifike Ukerewe, akasema "dada we chemsha tu mchicha, hivyo vyuma vitakufa." VITAKUFA. Chuma kife kama mnyoo!

Mnyoo sawa, jua na moto vinamuua. Kadimiamu uichemshe, uikaushe, uiombee, ipo palepale. Bomba la mjini linabeba choo pamoja na maji ya gereji, kule kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka vyuma vinazama na uchafu, vinabaki kwenye tope hilohilo analonipimia kwa ndoo. Na mboga za majani ndo zinaivuta sana, hasa udongo ukiwa na tindikali, ikishaingia kwenye figo inachukua miaka 10 hadi 30 kupungua nusu tu. Wajapani wa bonde la mto Jinzu walikula mpunga uliomwagiliwa maji yenye taka za mgodi, mifupa ikawa inavunjika hata mtu akikohoa, serikali yao ikakubali 1968 kwamba ni kadimiamu. Na hao hawakuchemsha wali??

Nimeshika bonge lake hapa, limepasuka kama kisigino, katikati umejiotea mche wa nyanya. Yani mbegu imepita tumboni mwa mtu, ikapita bomba na bwawa, haijafa, halafu chuma ndo kife kwenye sufuria yangu? Vitakufa!

MzeeWaFigiri: Mimi aliniambia nimwagie majivu.

Mleta mada: Majivu yanapunguza tindikali mkuu, mmea unavuta kidogo, ila chuma hakiondoki. Umoja wa Ulaya una sheria ya 1986 inayotaka tope lipimwe ndo liende shambani. Huyu hana hata karatasi, ana kicheko tu.

Kamongo_Mkavu: Picha ya bonge iko wapi? Na ndoo ngapi ulishamwaga kabla hujajua kemia, maana mchicha wako nimekula wiki nzima 😂

Mleta mada: Sijamwaga hata kiganja, na sicheki.

BintiKirumba: Afadhali nyie mnauziwa, sisi gari la kunyonya vyoo limevuja mtaa mzima jana usiku, dereva anasema ni maji ya mvua. Mvua ipi?

Konda wa Zamani: Lenye bomba limefungwa kwa mpira wa baiskeli? Lilipita Buhongwa pia, abiria wote wakashuka, nauli sikupata.

BintiKirumba: Ndo hilohilo!!

Kamongo_Mkavu: Nauli zenyewe mnapandisha kila mvua ikinyesha.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada, mtu mzima kasema VITAKUFA.

Fundi Tofali: Samahani dada, hiyo kirikuu inabeba na mchanga? Nahitaji tripu mbili Igoma.