Mtu mzima anarushaje mchango wa harusi kwenye bakuli la mtori kwa sababu ya Magufuli?

Wakuu, mods naomba msiunganishe uzi huu na nyuzi nyingine za uchaguzi. Hili ni la kwangu, nimetoka nalo sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Nikikosea herufi mnivumilie.

Kuna mtu hapa Moshi lazima aambiwe ukweli kabla Oktoba 25, 2015, siku ya kura, haijafika. Simtaji. Sina haja ya kumtaja, nyote mnamjua. Ni yule yule mweka hazina wa kila kamati ya harusi kuanzia Majengo mpaka Pasua, mwenye daftari la jalada gumu na kalamu mbili mfukoni, anayevaa kombati za Chadema mpaka ibadani. Ukisikia mtu anapiga "Piiipoz!" alfajiri watu wamelala na mbwa wa mtaa mzima wanaitikia "Pawa!", ndiye huyo.

Leo jioni tulikuwa na kikao cha kamati ya harusi ya mtoto wa kaka yangu. Nikisema mtoto wa kaka yangu mnaelewa, huyo ni mwanangu. Nimembeba mgongoni. Karo yake ya kidato cha tano na sita imetoka mfukoni mwangu. Tumekaa vizuri, mtori umeletwa wa moto, katibu kasoma muhtasari. Ikafika ajenda ya rangi. Bibi harusi alishachagua tangu Mei, kijani na dhahabu. Vitambaa vimenunuliwa, fundi ameshakata. Mei, wakuu! CCM wenyewe walianza kuchukua fomu za urais mwezi Juni. Huyo binti angejuaje?

Mweka hazina akasimama. Akasema kijani hakivai. Akasema hata akifa wasimzike karibu na majani. Akasema harusi ya kijani na dhahabu mwaka huu ni mkutano wa kampeni wa CCM usio na kibali.

Nikamjibu kwa upole, mashahidi wapo: "Mzee mwenzangu, rangi ni ya bibi harusi, haina chama."

Basi, sikuongeza neno. Jamaa akafungua daftari, akatafuta jina langu kwa kidole, akatoa bahasha yangu kwenye mkoba, akainyanyua kwa vidole viwili mbele ya mama wa bibi harusi, mbele ya mzee wa kanisa, akasema: "Hela ya Lumumba hatuoi nayo." Lumumba, yaani ofisi za CCM kule Dar. Akairusha. Ikapita juu ya chupa za soda. Ikatua kwenye bakuli langu la mtori.

Kwenye mtori! Ukumbi mzima kimya. Naitazama bahasha yangu inazama, kona moja imebaki juu, jina langu nililoliandika kwa wino wa bluu linachuja na kuingia kwenye ndizi. Laki mbili zangu zimo humo.

Huyu mtu ni nani kwetu? Jirani tu! Si ukoo, si shemeji, hajawahi hata kutuletea mche wa mgomba. Na ni huyu huyu aliyetuziba masikio kwa Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme. Mzee wa Monduli, Lowassa, alipojiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008, jamaa alinunulia kijiwe kizima mbege. Miaka saba yote salamu yake ilikuwa "fisadi, fisadi". Julai 28 mwaka huu mzee amehamia Chadema, Julai 29 asubuhi picha yake iko sebuleni kwa jamaa, imewekewa fremu, imezidi kwa ukubwa picha ya ndoa yake mwenyewe. Leo yeye ndiye ananifundisha mimi usafi wa hela!

Ndiyo, nampigia Magufuli. Sijaficha na sitaficha. Naona anavyozunguka nchi kwa barabara na ninaziona barabara zenyewe. Ukitaka kupigia chopa ya Lowassa, pigia chopa, kura ni yako. Nimewahi kurusha hela ya mtu wa UKAWA, huo umoja wao wa vyama vya upinzani? Wanangu wawili ni UKAWA, wanakula kwangu, mtori wao hauna bahasha.

Nimeikausha ile laki mbili, noti moja haifunguki mpaka sasa. Mbele ya mama wa bibi harusi, jamani. Familia ya watu wanatuona kwa mara ya pili tu, na wanachokiona ni mtu kutupa mchango wa baba mdogo kwenye chakula. Nataka aombe radhi kikao kijacho, amesimama, bila daftari.

Kamanda wa Njoro: Bila picha ya mtori uzi huu ni batili.

Dada wa Soweto: Pole sana baba mdogo. Hilo si jambo la utani. Mchango wa mtu haurudishwi hadharani, hata kama mmegombana shamba. Ila nauliza tu, bakuli uliletewa jingine?

Kamanda wa Njoro: Laki mbili nzima? Buku saba zenu za kutetea CCM mitandaoni mara ngapi hizo? Lumumba wamekulipa za mwezi mzima kwa mkupuo nini?

Mleta uzi: Kamanda nilijua utakuja. Sijawahi kukanyaga Lumumba, nauza mbao. Hela ile ni ya mbao. Ilikuwa kavu, imekunjwa vizuri, na mtu akaitupa kwenye chakula cha moto mbele ya wakwe. Hilo ndilo ujibu, buku saba waachie wenyewe.

Meku wa Rau: Punguza povu mzee. Moshi Mjini umeingia na habari za Magufuli ulitegemea upigiwe vigelegele? Jimbo hili liko kwa Ndesamburo wa Chadema tangu mwaka 2000. Mwaka huu hagombei, lakini hata tukisimamisha mgomba unapita.

Mleta uzi: Sikuingia na habari za Magufuli. Niliingia na MCHANGO. Tofautisha.

Mbeba Maji: Mimi nipo Chadema damu na nasema jamaa kakosea. Hivi ndivyo tunavyopoteza kura. Mtu kaleta laki mbili, unapokea, unasema asante, halafu unamsomesha polepole mpaka Oktoba. Unamrushia hela, si ndio umempigia kampeni Magufuli bure?

Kamanda wa Njoro: Hela za walioiuza nchi hatuchangiwi nazo. Nani aliuza nyumba za serikali? Si huyo huyo mgombea wenu, akiwa waziri wa ujenzi?

Kijani Damu: Na Richmond alisaini babu yangu? Mmebeba mzigo wetu wa zamani mnatuonyesha sisi wenyewe kama mgeni anayempikia mwenye nyumba kuku wake. Dk. Slaa, katibu mkuu wenu, kawakimbia Septemba 1 mchana kweupe, hamjashtuka tu.

Kamanda wa Njoro: Dk. Slaa muacheni apumzike. Mafuriko ya watu kwenye mikutano ya Lowassa mnayaona? Elimu bure mpaka chuo kikuu. Nyie yenu inaishia kidato cha nne, halafu milioni 50 kila kijiji. Hebu niambie kijiji chako zitamfikia nani kama si mwenyekiti na shemeji yake?

Mzee wa 95: Vijana hamjaona kitu. Mwaka 1995 tulisukuma gari la Mrema wa NCCR kwa mikono huku watu wanalia machozi. Mtaani kwetu mtu na mkewe waligawana vyumba, baba NCCR, mama CCM, watoto wanapita katikati na vyombo. Mkapa akaapishwa, Mrema leo ana TLP yake, yuko Vunjo anavutana na Mbatia. Yule mama na yule baba mpaka leo hawali meza moja. Mleta uzi, usiruhusu hili liingie kwenye ukoo. Nenda kwa kaka yako usiku huu huu, usisubiri kikao.

Mleta uzi: Asante mzee wangu. Kaka alikuwepo na alinyamaza. Hilo nalo linaniuma. Alitazama bakuli, akanitazama mimi, akaomba chumvi.

Dada wa Soweto: Chumvi!

Mwalimu wa Uraia: Naomba niseme kitu kwa pande zote. Wagombea urais wapo wanane, wengi wenu mnawajua wawili tu. Kuna mama Anna Mghwira wa ACT, mwanamke pekee, hakuna hata mmoja humu aliyemtaja. Pili, kwetu anayeongoza hata kwa kura moja ndiye Rais, na Tume ikishamtangaza, ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuhoji. Kwa hiyo asubuhi ya matokeo mtaamka na jirani yule yule na jimama lile lile linalowauzia ndizi.

Kamanda wa Njoro: Ndiyo maana tukishapiga tunakaa mita 200 kutoka kituoni tunalinda kura. Harudi mtu nyumbani kulala.

Kijani Damu: Tume imeshasema ukipiga kura nenda nyumbani. Unalinda nini, una bunduki?

Kamanda wa Njoro: Nalinda kwa macho. Macho yanahitaji leseni?

Meku wa Rau: Mleta uzi una bahati hukumtaja jina. Sheria ya makosa ya mtandao imeanza kazi Septemba 1. Ungemtaja, bakuli la pili la mtori ungelilia rumande.

Chalii wa Unga Limited: Nyie wa Moshi mnalia kwa mtori? Njooni Arusha mwone. Mama mwenye nyumba wangu ni kijani mpaka mapazia. Nimepandisha bendera ya Chadema juu ya paa, akasema bendera inaongeza matumizi ya umeme, akanitenga kwenye LUKU. Nina wiki nachaji simu kwa kinyozi. Na kinyozi naye ni wa CCM, kila nikichomeka ananipigia wimbo wa Hapa Kazi Tu mpaka chaji ijae. Arifu, hayo ndiyo mateso.

Mama wa Sakina: Chalii nakuelewa. Mimi konda wa Hiace alinishusha Sanawari kwa sababu ya khanga. Khanga yenyewe ya kampeni za Kikwete mwaka 2010, nimeivaa kubebea mtoto! Eti "mama na JK wako shukeni". Mvua inanyesha. Nauli hakurudisha.

Chalii wa Unga Limited: Mama hapo konda kakosea, kumshusha mwenye mtoto siungi mkono. Ila khanga ya 2010 nayo mama, ingia dukani.

Mleta uzi: Naona mnahama. Turudi kwenye bahasha. Ilirushwa, haikuangushwa. Kuna mtu kanipigia simu eti iliteleza. Haikuteleza! Kitu kinachoteleza hakipiti juu ya chupa tatu za soda.

Mbeba Maji: Mkuu tumekuelewa. Iliruka.

Mama Kiborloni: Mimi naomba niseme ambalo wanaume hamlisemi. Shida si Magufuli wala Lowassa. Shida ni michango yenyewe. Kadi ya singo elfu hamsini, dabo laki, kitchen party yake, send-off yake, sare ya kamati yake, zawadi yake, na kikao kila wiki mnakula mtori wa hela za watu. Mtu wa mitumba kama mimi nina kadi nne mezani mwezi huu. Nani kawaambia harusi lazima iwe na watu mia tatu?

Dada wa Soweto: Mama umegusa penyewe. Ahadi nilitoa elfu thelathini, mweka hazina kaniandika hamsini mbele ya kikao, ningekataa vipi?

Meku wa Rau: Ngoja, mweka hazina gani huyo? Mwenye kalamu mbili?

Dada wa Soweto: Huyo huyo. Na mimi napigia Chadema, kwa hiyo msimsingizie itikadi. Anaandika anachotaka kwa vyama vyote.

Mzee wa 95: Zamani tulichanga ndizi, mbege na mbuzi mmoja, watu wakaoana na wakakaa. Siku hizi watu wanakopa kwenye vikoba ili wakachange harusi ya mtu ambaye hata hatawaalika.

Kijani Damu: Kwa hilo naweza kukubaliana hata na Kamanda na ukoo wake wote. Nimechanga harusi sita mwaka huu, nimeingia ukumbini mbili. Nne kadi "ilipotelea njiani".

Kamanda wa Njoro: Kijani leo umesema neno. Mimi kamati moja ilibakiza hela, wakaitisha kikao cha kuvunja kamati, hela ikaishia kwenye kikao cha kuvunja kamati.

Mama Kiborloni: Kikao cha kuvunja kamati ndicho chenye nyama kuliko harusi.

Mbeba Maji: Kama tupo kwenye harusi, naomba msaada wa haraka. Mdogo wangu anaoa Desemba 27. Ukumbi wa watu mia mbili Moshi mjini, wenye jenereta, napata wapi kwa bei ya kibinadamu?

Meku wa Rau: Desemba 27 unauliza sasa hivi? Wachaga wote wanapanda Krismasi, kumbi zilishalipiwa tangu Pasaka. Weka turubai nyumbani.

Mama Kiborloni: Turubai nalo wahi, na viti. Mwaka jana tulikaa kwenye kreti za soda.